Siku Sita za Utawala wa Qin

Mwalimu Bartholomeo alistaafu kufundisha historia, lakini nani alimwambia anyamaze? Kwaya ya usharika aliyoiongoza, juu huko milimani karibu na Lushoto, ndiyo iliyokuwa darasa lake sasa. Na mwaka huu, baada ya kusubiri miaka ishirini, kwaya ilikuwa imealikwa kwenye mashindano ya dayosisi. Alitaka ushindi mpaka hamu ya kula ikamtoka.

Tatizo lilikuwa moja. Wanakwaya walichelewa. Walichelewa kwa furaha, kwa salamu ndefu njiani, kwa maharage yaliyokuwa bado jikoni. Basi Jumapili moja baada ya ibada akasimama mbele yao na kitabu chake cha tawala za kale za China.

"Qin!" akasema, macho yanang'aa. "Falme sita ziliwapigia magoti. Kwa nini? Sheria! Mkubwa na mdogo, adhabu ile ile, hakuna pole wala samahani. Kuanzia leo, atakayefika mazoezini baada ya saa tisa anarudisha joho, kwaya basi. Hata mvua inyeshe!"

Mkewe, Yunis, aliyeimba sauti ya pili, alimtazama tu akatabasamu. Tabasamu lile lingemtia wasiwasi mtu mwenye akili zake.

Jumamosi mvua ikanyesha, na ilinyesha kweli. Saa tisa kamili kanisani walikuwamo wawili: mwalimu, na Tobia wa besi aliyeishi jirani. Saa tisa na robo simu ikaita.

"Baba Alen," ilikuwa sauti ya Yunis, aliyekuwa amekwenda kumjulia hali dada yake kijiji wanakotoka wanakwaya wengine, "tuko Magamba, wote kumi na wanane. Udongo umeporomoka, njia imeziba. Tukichelewa adhabu yetu nini?"

"Sheria ni sheria. Kurudisha joho."

"Na tukiasi?"

"Kuasi kwaya? Kurudisha joho, vilevile!"

Jasho likamtoka mwalimu, maana historia ile alikuwa amemsimulia Yunis yeye mwenyewe mwaka wa kwanza wa ndoa: wanajeshi mia tisa wa Qin wamekwama kwenye mvua, kuchelewa ni kifo, kuasi ni kifo, mmoja wao, Chen Sheng, akawauliza wenzake wanangoja nini. Ufalme uliozishinda falme sita haukumaliza miaka kumi na sita.

"Basi tumeasi," akasema Yunis, na nyuma yake vicheko kumi na saba vikalipuka.

Waliingia saa kumi na moja, matope mpaka magotini, wanaimba. Imelda wa sauti ya kwanza alishika karatasi ya daftari.

"Shikamoo mwalimu. Utawala wa Qin umeanguka," akasoma, akijizuia kucheka. "Sisi ni Han, waliotawala baada ya Qin, na kama mwanzilishi wa Han, tuna sheria tatu tu. Aliyezuiwa na mvua hana kosa. Anayeweza kuwahi, awahi. Mwalimu asimgombeze mtu mbele ya watu."

"Na adhabu ya kuzivunja?"

"Hakuna," akajibu Yunis. "Atakayevunja ataona haya."

Mafundisho ya Konfusio hayo, kuongoza watu kwa haya badala ya adhabu! Mwalimu akafungua kinywa akaripie, kikatoka kicheko, akacheka mpaka akashika benchi.

"Sasa kaa," mkewe akamwambia. "Mikono chini."

Akakaa. Wakaimba bila mkono wake kuwaongoza, bila jicho lake kali, na sauti nne zikasikilizana, zikapishana, zikakutana pale pale alipokuwa akiwasukuma miaka yote wasifike. Furaha ikamjaa. Uchungu nao ulikuwapo, kidogo, wa mtu anayegundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiziba njia.

"Vipi, mwalimu?" Tobia akauliza walipomaliza.

Bartholomeo akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Siku ya mashindano," akasema, "nitafutieni nafasi kwenye besi. Nyuma kabisa."