Shabu ya Mama Mkwe

Kufikia mwezi wa saba wa mwaka 1957, Isihaka alikuwa ameunguza nyusi mara tatu kwa ajili ya elimu. Kazi yake katika karakana ya umeme pale Mbeya ilikuwa kuchanganya epoksi, gundi ya makopo mawili ambayo ukiimimina kwenye maungio ya nyaya huganda kama jiwe. Ila jiwe haliwaki. Gundi hii iliwaka kama kibatari, na wenye kinu cha mpunga Rujewa walikwisha kuikataa. Isihaka alitia chokaa, akatia majivu, akatia mchanga. Ikawaka.

"Kesho saa tatu," alisema Kalinga, msimamizi wake. "Isipozimika yenyewe, tafuta kazi ya kushona viatu."

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Mwanakhamisi, amechuchumaa mbele ya seredani. Mjukuu alikuwa akilia tangu juzi, na bibi alijua ni jicho la mtu. Alizungusha kipande cha shabu, lile jiwe jeupe la chumvichumvi, juu ya kichwa cha mtoto mara saba, akakitupa kwenye makaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tulia hapo, tunamtafuta hasidi. Sura yake itatokea kwenye povu la shabu."

Shabu ikatoa jasho. Ikachemka, ikavimba, ikawa povu jeupe gumu, na makaa chini yake yakafifia. Isihaka akapiga magoti bila kujua.

"Umemwona?"

"Nimeona, mama," alinong'ona. Alichoona ni maji, yaliyojificha ndani ya jiwe kavu yakingoja moto uyaite. "Nipe iliyobaki."

"Yote? Kwani una maadui wangapi?"

"Mmoja tu. Ananingoja kesho saa tatu."

Kabla ya adhana ya magharibi, shabu ilikuwa imetwangwa, imechanganywa na gundi na kumiminwa.

Asubuhi Kalinga alishika kipande kwa koleo, akakielekezea mwali wa stovu. Kikawaka. Mafundi wakaguna, Isihaka akaanza kuwaza nyuzi na sindano. Mara gundi ikatoa jasho, ikavimba, ikajivika koti jeupe. Kalinga akaondoa stovu. Mwali ukayumba, ukasinyaa, ukafa.

Kalinga akavua kofia, kama mtu aliyeingia kanisani. Akajaribu tena, na tena.

"Waambieni Rujewa walete maungio yao," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akainama. "Lakini Isihaka, hili povu mbona lina pua?"

Isihaka akatazama. Pua ilikuwepo, pana, sawasawa na ile ya msimamizi iliyoinama juu yake. Kwa heshima zote, akaligeuza povu upande wa pili.