Kivuli Chenye Kirungu

Katika chumba kile cha chini ya ardhi pale mtaa wa Bertrams, Johannesburg, hakuna fundi aliyejua kusoma ukuta kumshinda Gaston. Cherehani zilipangwa zote zikitazama ukuta mmoja mweupe. Nyuma ya mafundi, juu karibu na dari, palikuwa na dirisha jembamba lililolingana na njia ya waenda kwa miguu. Jua la asubuhi liliwabandika wapita njia ukutani, weusi na warefu kama nguzo za umeme. Ukigeuka uwatazame wenyewe, jua linakupiga machoni, huoni kitu. Basi hakuna aliyegeuka.

Walikuwa na mchezo wao. "Baada ya huyu wa mkokoteni, nani anafuata?" Falonne angeuliza, mguu wake ukiendelea kukanyaga. Thierry angesema watoto wa shule. Gaston angesema, "Mwanamke, ana mzigo kichwani, anachechemea." Na kweli angepita, akichechemea. Mshindi alikaa karibu na hita, na baridi ya Johannesburg mwezi wa Juni si ya mzaha. Kiti hicho Gaston alikikalia mpaka kikachukua umbo lake.

Octave, mwenye cherehani, aliwachukua Berea, walikoishi, kungali giza, akawaingiza kwa geti la nyuma, na kuwarudisha jua likishazama. Zamani alipigwa mtaani na umati uliokuwa ukifukuza wageni, na tangu hapo mchana wa mji huu aliuona kama mbwa asiyefungwa. Karatasi za mafundi wake, wageni kama yeye, zilikuwa sawa. Woga waliupata kwake, kama mtu anavyoambukizwa mafua.

Kilichowatisha zaidi ni kivuli kimoja. Kila asubuhi, watoto wa shule wakishapita, kilikuja kirefu, kikasimama dirishani, kirungu mkononi. "Polisi," Octave aliwaambia. "Anasikiliza kama kuna watu." Hapo cherehani zote zilinyamaza. Hata kukohoa hukohoi. Kirungu, ndivyo walivyokiita, kiliinama kidogo, kikakaa hivyo, kisha kikaenda zake.

Asubuhi moja Octave alikwenda kununua vitambaa, na mkanda wa cherehani ya Gaston ukakatika. Mashati ya shule yalitakiwa kesho. Duka la Mansour, muuza vipuri, lilikuwa mtaa wa pili tu.

"Usiende, yaya," Falonne alisema, akimwita kaka mkubwa kama kwao. "Kirungu bado hakijapita."

"Nitakuwa nimerudi."

Alipanda ngazi za mbele ambazo hazikutumika, akausukuma mlango kwa bega mpaka ukakubali. Mwanga ulimpiga kama kofi. Alisimama ameziba uso, machozi yakimtiririka kama anayekata vitunguu. Polepole vitu vikaanza kuja: kwanza miguu yake mwenyewe, kisha gari jekundu, jekundu kweli, kisha uwanja wa Ellis Park umekaa nyuma ya mapaa kama sufuria la harusi.

Kisha, mbele ya dirisha lao, akakiona Kirungu.

Alikuwa bibi kizee. Mfupi, amevaa koti la sufu, ameegemea mkongojo, sikio ameliinamisha dirishani. Ni jua tu lililokuwa likimrefusha miaka yote hiyo.

"Sawubona, gogo," Gaston alimwamkia bibi huyo, kwa Kizulu chake alichookota kwenye ngazi za Berea. "Unatafuta nini hapa?"

"Cherehani. Mama yangu alikuwa fundi. Nikiwa kule kwenye kona nazisikia, nafurahi, nakuja. Nikifika tu, kimya. Ninyi watu mnakunywa chai mara ngapi?"

Gaston alicheka mpaka akayumba, na bibi akamdaka mkono asianguke. Jina lake, alisema, ni MaDlamini.

Alipotoka kwa Mansour na kurudi chini na mkanda mpya, macho hayakuona hata ngazi. Akaikumba meza ya pasi. Wenzake walikuwa wamejibanza chini ya meza. Walikuwa wameona ukutani vivuli viwili, na kile chenye kirungu kikimkamata Gaston.

"Amekuachilia kwa nini?" Thierry aliuliza. "Umemwambia tuko wangapi?"

"Ni gogo. Ana mkongojo. Anapenda sauti ya cherehani."

"Ndugu yangu, mimi nimeona kwa macho yangu."

"Umeona ukuta."

Thierry akanyoosha kidole kwenye kivuli kilichokuwa kikipita. "Haya, bingwa. Nani anafuata?"

Gaston alikodoa macho. Ukuta ulikuwa ukungu mtupu. "Sijui," alisema.

"Ameenda juu na macho, amerudi bila," Falonne alisema, na chumba kizima kikacheka. Thierry akahamia kiti cha hita.

Octave aliporudi na kusikia, hakucheka. "Kesho kikija, atakayekanyaga cherehani aondoke asirudi. Hasa wewe, Gaston."

Gaston hakuwa na watu wengine mjini. Hawa ndio waliokaa naye matanga mama yake alipofariki kwao Bukavu, Kongo. Kuwapoteza kulimtisha kuliko polisi. Lakini kushika pumzi tena kwa ajili ya mkongojo wa bibi, hilo hakuliweza.

Kesho yake kivuli kikaja. Cherehani zikanyamaza moja moja. Moja haikunyamaza.

"Gaston," Octave alinong'ona. Akaja, akashika gurudumu la cherehani kwa kiganja. Gaston akakanyaga kwa nguvu zaidi, gurudumu likamponyoka.

"Patron, nifukuze ukitaka. Tazama kwanza."

Wote walitazama. Kirungu kiliinuka. Falonne akafumba macho. Kikashuka njiani: tok. Kikainuka tena: tok. Kilikuwa kikifuata mwendo wa cherehani. Gaston akaongeza kasi, nacho kikaongeza. Kivuli kikaanza kutikisa makalio, na kupitia kioo ikaingia sauti nyembamba ya kizee, ikiimba.

Falonne alifumbua macho. "Polisi gani huyu anacheza ngoma?" Akakanyaga ya kwake. Thierry akafuata, kisha wote, chumba kikanguruma, na juu bibi akaimba kwa nguvu zaidi.

Gaston aliinuka, akapanda ngazi, akafungua mlango wa mbele wazi kabisa. "Njooni mumwone. Macho yatauma mwanzoni. Vumilieni."

Walitoka wakigongana, wamejiziba nyuso. MaDlamini aliwatazama mmoja mmoja. "Kumbe mko wengi hivi."

Octave alitoka wa mwisho, akasimama kizingitini, vidole vikifunguka kidogo kidogo mbele ya macho.

"Na huyu mbona anatetemeka?" bibi aliuliza.

"Baridi, gogo," Gaston alisema.

"Basi asogee juani." Akampa mkono, na Octave akaupokea.

Mchana huo cherehani zote zilikuwa juu, zimepangwa mlangoni, zikitazama barabara. Hita ilibaki chini na kiti chake, bila wa kukigombania. Mwanamke akapita na mzigo kichwani, akichechemea. Gaston alikuwa amemtabiri mara zisizo na idadi.

"Dada," alimwita, "jina lako nani?"

Mwanamke akasimama, akatua mzigo, akamwambia.