Diski ya Pili

Nakala ya akiba huoza, hasa ile usiyowahi kuifungua. Ndiyo maana nilinakili kompyuta yetu nzima, mfumo na mafaili yote, kwenye diski mbili za nje, kisha nikaifuta mbele ya baba, sebuleni kwetu Kiseke.

Humo ndimo tulimohifadhi sauti ya marehemu bibi akisimulia hadithi kwa Kisukuma.

"Umemzika mama yangu mara ya pili," baba alisema.

"Subiri, baba."

Nilijaribu kurejesha kila kitu kutoka diski ya kwanza, ikagoma. Ya pili ilikubali, na baada ya saa moja bibi akaanza kusimulia.

Baba alijifuta machozi. "Sasa niombe radhi kwa kunitisha."

"Bila kujaribu, tungeendelea kuiamini ile mbovu, baba. Radhi siombi."