Mizani ya Meneja Gwamaka

Usiku wa kuamkia leo niliota ndani ya mgahawa wetu kumefungwa mizani yenye vitanga vinne. Sikushangaa. Mchana wa jana Meneja Gwamaka alikuwa ametutangazia kwamba sasa tutapimwa kwa mambo manne: pesa, wateja, kazi za jikoni, na wafanyakazi kujifunza na kukua. Yasipolingana, mpishi mmoja anaondoka. Wapishi tuko wawili. Mwenzangu ni shemeji yake meneja.

Ndotoni meneja ana filimbi. Wateja wamejaa kwenye kitanga chao, wanakula wali maharage. Kitanga cha pesa kiko juu kabisa, kinagonga feni.

"Nani kakipandisha?"

Upawa wangu ukadakia. "Ni huyu. Mteja akisema tu 'mjomba, ongeza mchuzi', ananizamisha mimi. Bure."

"Miaka yote nimekuosha kwa mkono wangu," nikauambia.

"Na mimi nina watoto. Huvioni hivyo vijiko?"

Meneja anapuliza filimbi. Mchuzi unakatazwa. Wateja wanautazama wali mkavu, wananitazama mimi, wanashuka mmoja mmoja. Kitanga chao kinapanda mpaka kwenye feni, sawa na cha pesa na cha jikoni. Vyote vitupu.

"Vimelingana!" meneja anapiga makofi. "Umebaki wewe na kitanga cha kujifunza na kukua. Panda, ukue."

"Nimepita hamsini. Nitakulia wapi?"

"Juu."

Nikakua. Magoti yakapita meza, kichwa kikatoboa bati. Sasa naiona stendi, naona wateja wetu wamepanga foleni kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara, sahani mkononi. Chini kitanga changu kimegonga sakafu.

"Umeharibu mizani," meneja anasema na kiatu changu. "Jikoni hutoshi tena."

"Si wewe uliyesema nikue?"

"Nilisema ukue. Sikusema uzidi."

Shemeji yake alikuwa ameshavaa aproni yangu. Hakuwa ameongezeka hata kidogo.

Nikaamka. Suruali ya kazi ilikuwa pale pale kwenye msumari. Nikaivaa. Jana ilifagia vumbi. Leo imeishia juu ya vifundo vya miguu.

"Baba Tumpe, umevaa ya nani hiyo?" mke wangu akauliza.

"Yangu."

Nikaenda nayo kazini hivyo hivyo. Meneja alikuwa ndani, akaniita kwa jina langu kamili, kama lilivyo kwenye mkataba. Nikainama ili nipite mlangoni, pale ambapo jana nilipita wima.