Saa Moja ya Kasese

Kahambu alikuwa na kichwa kigumu, na hilo hata yeye alilikubali, mradi asilisikie kwa mtu mwingine. Mwanawe Christophe alipomwoa Adong, binti wa askari wa Uganda wa kambi ya Bwera, mama huyu alibaki kwake Butembo, ng'ambo ya mpaka, akanuna. Miaka miwili hakutaka kumwona mkamwana wake. Kisha akapata habari kanisani kwamba Christophe ameajiriwa bandarini Mombasa na anahama na mkewe, nao watalala hoteli moja ya Kasese njiani. Hapo roho ikamruka. Akafunga safari, akavuka mpaka Bwera bila hata kunywa chai, akafika Kasese jioni. Kupiga simu hakutaka. Alitaka kumwomba Adong radhi uso kwa uso, kisha awachoree wote wawili ishara ya msalaba kwenye paji la uso, kama mama anavyowaaga wanawe.

Christophe na mkewe walikuwa wamefikia katika hoteli ya kale karibu na stesheni, iliyojengwa enzi za machimbo ya shaba ya Kilembe, abiria walipolala hapo kungoja treni ya Kampala. Treni hiyo haiji tena, nyasi zimefunika reli. Siku hizi anayetaka treni huifuata Nairobi kwa gari, na tiketi za Christophe za kwenda Mombasa zilikuwa za kesho kutwa. Lakini ngazi za mbao bado zinapigwa nta, na vitanda vya chuma viko juu mno, mtu mzima hupanda kwa magoti.

Mapokezini alikuwapo msichana aitwaye Ronah.

"Christophe na bibi yake beko mu chumba gani?" Kahambu aliuliza.

"Namba saba, mama. Niite wao?"

"Hapana, acha kwanza! Batatoka kesho saa ngapi?"

"Saa moja. Gari inakuja kuchukua wao hapa."

Aliandika jina lake kwenye daftari la wageni, akapewa namba nane. Alipofika mbele ya namba saba aliinua mkono abishe, akamsikia Adong akicheka ndani, mkono ukashuka wenyewe. Aliona haya. Angeanza vipi, na vumbi lote lile, mikono mitupu? Alijiambia ana asubuhi nzima. Kwao Butembo saa huhesabiwa kwa Kifaransa, na saa moja ni baada ya adhuhuri. Uganda hakuwahi kulala hata siku moja, masikini, wala hakuna aliyewahi kumwambia kwamba huku saa moja ni jua linapochomoza.

Alfajiri alikuwa akisali rozari aliposikia mlango wa namba saba ukifunguliwa na magurudumu ya sanduku yakipita. Wanateremsha mizigo mapema, aliwaza, ndio vizuri. Kisha hatua zikaja kusimama mlangoni pake. Zilikaa hapo kitambo. Alidhani ni mfanyakazi ameleta maji, akanyamaza asije akakatiza sala. Hatua zikaondoka.

Akaoga, akaenda sokoni, akamchagulia Adong kitenge cha kijani kwa raha zake zote. Aliporudi saa nne asubuhi, Ronah alikuwa akitandua shuka za namba saba.

"Beko wapi?"

"Walienda, mama. Saa moja, si nilikuambia?"

"Saa moja haiyafika!"

"Ya asubuhi, mama. Ile imepita." Ronah alimwangalia kwa huruma. "Kijana aliona jina yako kwa kitabu. Alisimama kwa mlango yako mpaka dereva akapiga honi mara tatu."

Kahambu akakaa kitandani mwao. Akapiga simu, akamweleza mwanawe harakaharaka, saa ya kwetu na saa ya huku, maneno yakigongana mdomoni.

"Maman, siku ya ndoa ulisema barabara imekatika. Tulikungoja mupaka padiri akachoka. Kumbe jirani yako Sosthène alipita mu ile ile barabara. Leo ni saa."

"Leo ni kweli, mutoto wangu. Siku ile nilidanganya. Leo ni kweli."

"Ndiyo, Maman," alisema kwa upole, na upole huo ulimuuma kuliko matusi.

"Basi unipe Adong."

"Amelala."

Na Kahambu akaisikia sauti ya Adong, karibu kabisa na simu, ikiuliza, "Nani huyo?"

"Watu wa hoteli," Christophe alimjibu, akakata.