Mposaji Anayesahihisha

Loïc anafundisha mantiki kwenye lycée, na mimi, shangazi niliyemlea mchumba wake Orlane, nilimwonya mapema: siku ya posa, funga mdomo. Kwetu Bujumbura mposaji hukaa kimya. Wanaosema ni wasemaji wawili, na yule wa upande wa binti kazi yake ni kuzua visingizio mpaka wageni wambembeleze, ndipo bia waliyoleta ifunguliwe. Kila mtu anajua ni mchezo. Loïc pia anajua. Lakini mtu aliyezoea kalamu nyekundu, utamweza?

Uani kwetu, mtaa wa Jabe, mume wangu Zénon, msemaji wetu, alisimama na koti lake la sherehe. "Mi siwezi kutoa mutoto aende Kinama," alisema. "Mutu mumoja wa kule aliazima ngazi yangu, mpaka leo siioni. Basi watu wote wa Kinama wanapoteza vitu. Na Orlane watamupoteza!"

Tulicheka. Mzee Bonfils, msemaji wa wageni hao wa Kinama, alikuwa anasafisha koo ajibu, ndipo Loïc akanyoosha mkono.

"Pardon, muzee. Mutu mumoja si Kinama yote. Hiyo haifuati."

Bonfils alifunika uso. Zénon, aliyejiandaa wiki nzima mbele ya kioo, alivimba. "Kama anajisemea mwenyewe, basi hana wazee. Mubebe bia yenu, murudi." Safari hii haukuwa mchezo: mume wangu akiudhika kweli, sikio lake la kushoto hucheza. Nyuma ya pazia Orlane alianza kulia, na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani kumpiga yule mwalimu kwa sahani.

"Ao basi," Zénon akamgeukia Loïc, "utupe sababu yenye inafuata. Moja tu. Juu ya nini tukupe Orlane?"

Loïc alisimama, jasho linamtoka. "Namupenda juu hakuna mwengine kama yeye." Akainua kidole, kama yuko darasani. "Na hakuna mwengine kama yeye juu... juu mi namupenda."

"Inazunguka!" Zénon akaruka kwa furaha. "Hiyo inazunguka!"

"Inazunguka, muzee. Wanafunzi wakiandika hivyo nawapa zero. Lakini natafuta njia ya kutokea, siioni."

Orlane akatoka bila kuitwa, jambo ambalo nalo halifanyiki.

"Na we, sababu yako?" Zénon akamuuliza.

"Ile ile, tonton."

Zénon akaniangalia mimi, kana kwamba mke wake ana jibu bora. Miaka yote hii na mkorofi huyu, sijalipata.

"Fungueni bia," nikasema.