Moto Umefika?

Mlima wote huu, kuanzia Lushoto mjini mpaka kule Mlalo, hakuna aliyewahi kumlazimisha Mzee Tobia kusema ndiyo asipotaka. Hilo alirithi. Baba yake aliwekwa ndani na Mwingereza kwa kukataa kuchimba matuta, akatoka na hapana yake ile ile, haina hata mkunjo. Tobia naye akawaambia hapana madalali wa kabichi na magunia yao ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo. Akamwambia hapana bwana mkubwa mmoja wa wilaya, mbele ya mkutano, tena kwa kipaza sauti cha bwana mkubwa mwenyewe.

Mkewe, Klara, ndiye peke yake aliyekuwa hajawahi kuisikia hapana hiyo.

Sukari ilimkuta Tobia uzeeni, ikaanza na miguu. Vidole viliwasha kama vimekanyaga upupu, kisha vikanyamaza. Dawa za wazee ni bure, imeandikwa kwenye ukuta wa zahanati kwa rangi ya buluu, ukifika dirishani zinaitwa "hazijaja." Ukuta na dirisha havijawahi kufahamiana nchi hii. Mwezi wa saba, baridi imekaza, Tobia akanyoosha miguu mekoni kama kila mtu. Klara ndiye aliyenusa. Soli ya kandambili ilikuwa inayeyuka mguuni mwa mtu aliyekuwa akisimulia habari za lumbesa.

"Baba Alen, unaungua!"

"Nimeona. Nilikuwa naona uvivu kutoa mguu."

Klara akamwendea Hamida, muuguzi wa kutoka Tanga aliyepanga nyumba ya jirani. Hamida alikuwa amefunzwa na daktari wa Kichina tiba ya joto: majani makavu, ndugu wa pakanga yetu, yanasokotwa kwenye karatasi mpaka yawe kijiti kinene kama sigara ya tajiri. Unawasha ncha, unaisogeza karibu na ngozi bila kuigusa, joto linaingia lenyewe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mwingereza alituletea matuta, sasa Mchina anatuletea moshi."

"Moshi huu hauna askari, babu. Ila niambie kweli, nyayo zako zinasikia? Mguu uliokufa ganzi hatuuwekei moto. Utaungua bila taarifa, na kidonda cha mwenye sukari unakijua."

Alikijua. Rajabu wa Magoma alianza na lengelenge dogo tu, leo anatembea kwa magongo, mguu mmoja umebaki hospitali.

Tobia akamtazama Klara. Alikuwa ameshika kile kijiti kwa mikono miwili, kama mtoto aliyepewa mshumaa mkesha wa Krismasi.

"Zinasikia," akasema.

Basi ikawa kila alasiri, ukungu ukishuka, Tobia analala kifudifudi, Klara anapiga magoti nyuma yake.

"Moto umefika?"

Tobia anakaa kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi. "Umefika."

Klara anasogeza mkono mbele. Moto Tobia hakuusikia hata siku moja. Alisikia pumzi za mkewe, na wimbo wa kwaya aliokuwa akiuimba puani. Maisha yake yote alikuwa amesimama mbele za watu akidai. Hakuna aliyewahi kumpigia magoti kumuuliza kama anachotaka kimefika.

Jumapili, wakati wa kumwosha miguu, Klara akaona lengelenge kisiginoni. Akalikausha kwa kitambaa safi. Alasiri akawasha kijiti, akakichomeka kwenye kopo la majivu kando ya kitanda, moshi ukajaa chumba. Kisha akachukua kijiti kingine, kipya.

"Moto umefika?"

"Umefika."

"Umefika kweli?"

"Mpaka gotini, Mama Alen. Leo umekolea."

Wimbo wa kwaya ukakatika. Tobia akageuza shingo. Kijiti cha mkononi mwa Klara kilikuwa hakijaguswa na kiberiti.

"Leo umekolea," Klara akarudia, haijulikani kwa kicheko au kwa kilio. "Mghoshi, mwanamume mzima! Mabwana wa wilaya uliwahi kuwadanganya?"

"Sijawahi."

"Madalali?"

"Wao ndio waongo."

"Kwa hiyo anayestahili kudanganywa ni mimi?"

Tobia akaujibu mto. "Ulikuwa umefurahi. Sikutaka niwe mimi wa kukuzima."

"Ungekatwa mguu ili mimi nifurahi? Mficha maradhi..."

"Malizia."

"Simalizii. Wewe si mtu wa kumaliziwa methali hiyo."

Hamida alikuja, akafunga lengelenge, akawagombeza wote wawili. Miguu isiwekewe moto tena. Kesho asubuhi hospitali, na dawa za sukari zisirukwe, hata ikibidi zitafutwe Korogwe. Joto, kama bado wanalitaka, ni juu huko ngozi inakosikia, na vidole viwili vya Klara vilazwe hapo hapo, ili likizidi liwe limemuuma yeye kwanza.

"Bibi, anza kutafuta ganzi inapoishia," akasema, akaenda zake.

Klara akaokota unyoya wa kuku uani. Tobia akafumba macho.

"Hapa?"

Ndiyo ilikuwa tayari imefika ulimini. Akaimeza.

"Hapana."

Mkono wa Klara ukasita, kisha ukaendelea. "Na hapa, kisiginoni?"

"Hapana."

Hazikuwa hapana za mkutanoni. Hizi zilitoka kwa sauti ndogo, moja moja, kama mtu anayeteremsha mzigo mgongoni.

"Kifundoni?"

"Hapana, Mama Alen."

Kitu kikamtekenya katikati ya muundi, chepesi kama nzi.

"Hapo! Hapo ndiyo!"

Klara akachukua kipande cha mkaa, akapiga mstari mguuni, akaukagua kama anakagua mpaka wa shamba lake.

"Mstari huu ukipanda, utaniambia?"

"Nitakwambia."

"Utasemaje?"

Tobia akamshika mkono ule wenye mkaa.

"Hapana," akasema.